Swali la Nne

Nilipanda Machame asubuhi na maswali kumi na mawili
yaliyopigwa chapa redioni, Moshi mjini.
Mvua ya usiku ilikuwa bado inadondoka migombani.
Mzee Kundaeli Munuo alivaa koti la harusi ya mwanawe;
nishani aliiweka kwenye kisosi, kando ya sukari.

La kwanza, jina. La pili, namba ya jeshi:
akaitaja mara moja, bila kuvuta pumzi,
yeye ambaye mjukuu aliyeleta chai
alimwita kwa majina ya wenzake watatu kabla ya lake.
La tatu, mto mlivukia wapi?
"Kyaka. Daraja lilikuwa limelala majini.
Viatu walinipa namba tisa, mimi navaa saba.
Andika hilo."
Nikaandika.

La nne nililisoma macho yakiwa kwenye karatasi:
Mzee, uliwahi kuua?

Akainuka. Nikajua nimefukuzwa.
Kumbe anakwenda zizini, saa ya kukamua imefika.
Nikamfuata, simu mkononi, inarekodi.

"Kule nako kuna migomba," alisema, mgongo kanipa,
"na mibuni chini yake, kama hapa.
Nusura nipige hodi.
Mifugo walikuwa wameswaga yote, kabakia mmoja,
pembe moja, mali ya mtu asiye na kitu,
hajakamuliwa siku mbili, tatu,
maziwa yanadondoka yenyewe.
Analia. Na kilio hicho si cha njaa,
wewe umekulia mjini huwezi kukijua.
Koplo akaninong'oneza: mnyamazishe, atatuponza.
Akanipa kisu."

Povu likapanda ndooni.

"Nikachuchumaa, bunduki mgongoni, nikamkamua.
Chini, matopeni, chombo ningepata wapi?
Sikio nimelilaza ubavuni mwake, hivi.
Akanyamaza.
Ndipo nikaona mguu.
Nyuma ya zizi. Labda mwenye boma,
labda wa upande ule, shati walishamvua.
Mkononi kamba ya ndama. Ndama hayupo.
Nikatafuta isale. Mnalijua isale?
Siku hizi mnalipanda getini kama ua.
Mpaka wa kihamba hiki wote ni isale,
kule sikuona hata jani moja
la kumwomba mtu radhi.
Nikamfunika kwa la mgomba."

Mkono wake ulisimama kwenye chuchu.
Ng'ombe akageuza shingo, akamtazama.

"Huyo nilimkuta," akasema. "Yuko mwingine.
Lakini huyo simsemi mbele ya mnyama."

Nikangoja tutoke zizini.
Tulipotoka alizungumzia bei ya pumba.

Mhariri wangu alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani:
dakika kumi na moja za maziwa yakipiga ndoo,
na sauti ya mzee chini yake, kama mtu wa chumba cha pili.
Haiwezi kwenda hewani, alisema.
Hakuniambia niifute.

Siku ile mzee alinijazia chupa ya maji, maziwa ya moto.
Kifuniko kilikuwa kimepotea.
Akatazama huku na huku,
akachukua karatasi yangu mezani, akaikunja mara nne,
akaikaza mdomoni mwa chupa kwa kidole gumba.
Nikashuka nayo hadi mjini, nimeipakata wima,
la tano hadi la kumi na mbili
yakilowa taratibu.