Ufunguo wa Friji

Alhamisi, saa tisa alasiri, Kitangari.
Kwenye kitanda cha mwisho wodi ya wazazi
kalala muuguzi Nampunda, mwanaume mwenye ndevu,
kafungwa tumbo la mpira kiunoni,
chupa ya damu imefichwa chini ya shuka.
Damu yenyewe ni rozela.
Huku juu Newala maji hayachezewi:
zoezi likiisha tunayakinga, tunayachuja,
tunayarudisha chupani yangoje Alhamisi nyingine.
Ndiyo damu pekee niliyowahi kuiona ikirudi.

Mwanzo tulicheka. Nani asingecheka?
Nampunda analia uchungu kwa Kimakonde cha shangazi yake,
mtoto wa plastiki katoka, kafutwa,
kasuguliwa mgongo, kapulizwa pumzi.
Kisha Bi Somoe, mkufunzi wetu, akafungua koki,
shuka ikaloa,
kicheko kikatufia mdomoni.

"Oksitosini!" nikasema.
Tabia akakimbilia friji. Friji imefungwa.
Ufunguo?
Anao Mchopa.
Mchopa yuko wapi?
Kaenda ghalani, kupima korosho zake.

Bi Somoe hakukemea. Alitazama saa ya ukutani.
Dakika ya nne. Ya saba.
Rozela inadondoka kwenye beseni, to, to,
na ilipotimu ya tisa akasema,
kwa upole unaouma kuliko kofi:
"Amekufa. Vuteni viti tuzungumze."

Marehemu ndiye aliyeanza.
Aliketi, tumbo limempinda upande, akasema:
"Mlinishika kila mahali, hamkuniita jina.
Nilisikia tu mnagombania ufunguo.
Niliogopa, jamani. Na mimi najua ni mchezo."

Sikutia neno. Nilikuwa kwa mwingine,
mwaka ule wa mvua nyingi, mama wa Mnyambe,
ambaye jina lake nililisoma kwenye kadi
baadaye.

Mchopa aliporudi akaelezwa.
Hakujitetea. Aliomba nyundo,
akapigilia msumari kando ya friji,
akauliza mfupi wetu ni nani, akaushusha kidogo.
Tabia akachana upindo wa khanga yake nyekundu,
ukawa kitanzi.

Ungali pale, umeanza kupauka.
Nikiingia zamu ya usiku, kabla ya glavu,
kabla hata ya kusaini daftari, naugusa.
Kisha naenda kitandani, nainama:
"Mimi Siwema. Nikuite nani, mama?"