Mkopo Unaiva Septemba

Nimenunua hisa moja.
Bei yake haifiki nauli ya treni
kutoka Groningen hadi Utrecht.
Mlangoni karani aliigeuza karatasi yangu huku na huku
kama noti iliyofuliwa mfukoni,
kisha akanipa beji: TJITSKE, MWANAHISA.
Miaka thelathini na mmoja nimefundisha hesabu;
leo ndipo naitwa mmiliki wa kitu
kisichoingia jikoni.

Mkobani nina tunda la mkastanya,
gumu kama fuvu, zito kama jiwe la mizani.
Kaniachia Jovenilda, mwokota kokwa wa Mto Iriri,
aliyelala kwangu siku tatu za Aprili
akikumbatia mabomba ya joto.
Hili, alisema, hukaa juu miezi kumi na mitano
likiiva. Halihimizwi.
Na likishaanguka, hakuna mnyama wa kulipasua
ila aguti, mdogo kama sungura,
meno yake patasi,
na hata yeye hutafuna kwanza, hula baadaye.

Ng'ambo ya mto wao
msitu umekuwa malisho, malisho yamekuwa soya.
Mkastanya mmoja wameuacha:
sheria inakataza kuukata.
Umesimama peke yake katikati ya shamba
kama mgeni aliyekosea siku ya harusi.
Moto ulipopita, nyuki hawakurudi.
Mwaka wa sita huu unachanua, maua yanadondoka,
hauzai.
"Sheria imefuatwa," alisema Jovenilda,
akacheka hadi akakohoa.

"Sera zetu," alisema mwenyekiti wa benki,
"zinafuata sheria zote za nchi husika."

Nilipewa dakika mbili na taa tatu,
kijani, njano, nyekundu,
utadhani naendesha lori.
Nikauliza: mlipotia saini mkopo wa yuro milioni themanini
wa kufyeka na kupanda,
nani alihesabu nyuki?
Wachache walicheka. Mmoja alivunja biskuti.
Akajibu, kwa upole wa mtu aliyekwishakula,
kwamba wakopeshaji ni wengi,
na benki yetu ina asilimia kumi na moja tu.

Kumi na moja ya moto, nikasema,
inaunguza nini na inabakiza nini?
Onyesha njia.

Hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kupata alama
kwa jibu lisilo na njia.
Lakini taa ilikuwa nyekundu, kipaza sauti kimekufa,
nami nimesimama nikifumbua mdomo kama samaki.
Nikaliweka tunda mezani.
Likabingirika polepole, likagonga glasi ya maji,
likatulia.
Mlinzi alilibeba kwa mikono miwili,
mbali na kifua chake.

Niseme na hili, maana hesabu ni hesabu:
mshahara wangu wote ulipitia benki hiyo.
Riba yao ilinunua baiskeli ya mwanangu.
Tumekula sahani moja, wao na mimi,
na sahani ilinuka moshi, nikadhani ni mapishi.

Penye makoti, kijana mwenye tai ya benki
alijifanya anatafuta mwavuli.
"Mkopo unaiva Septemba," akanong'ona.
"Juni wanaamua kama watauongeza.
Barua za wateja zinahesabiwa, bibi.
Kuna mtu kazi yake ni hiyo tu."
Akaondoka bila mwavuli. Nje kulikuwa kukavu.

Unaiva.
Nimeliandika neno hilo nyuma ya tiketi
nikalitazama mpaka Zwolle.

Sasa ni usiku. Juu ya meza ya jikoni
nina orodha: mwoka mikate, kwaya ya Jumatano,
wanafunzi wangu wa zamani, wengine wana mvi,
na dada yangu Froukje, ambaye hatujasemezana
tangu mazishi ya baba, lakini ana akaunti.
Bahasha arobaini. Stempu hazitoshi.

Meno yangu mengi ni ya kubandika.
Nimeanza kutafuna.