Randa ya Gikomba

Mvua ya Aprili ilipoingia Kariobangi
mlango wangu ulivimba kama shavu lenye jino bovu.
Kuufunga, bega. Kuufungua, teke.
Na kila Musembi aliporudi kutoka zamu ya usiku
ulipiga yowe, ploti nzima ikajua saa.

Ombuna, keateka, aliutazama mikono ikiwa mfukoni.
"Ni msimu tu, mama. Utajirudi wenyewe."
Akaenda kufuata kodi ya namba saba.

Nikashuka Gikomba.
Juu ya turubai, kati ya koleo zisizofumba mdomo
na mifereji ya masinki ya watu waliohama,
nikaona randa. Ya chuma, mpini umepasuka,
ulimi umeota kutu rangi ya strungi.
Mia tatu na hamsini. Nikatoa mia mbili, na nauli yangu juu,
nikarudi kwa miguu.

Siku ya kwanza haikukata. Ilitafuna,
kama mbuzi aliyepata gunia,
ikaacha mabaka, ikakwama, nikaitukana
kwa matusi ambayo sikujua ninayajua.
"Si ununue ya umeme," Mama Akeyo akasema kutoka juu.
Stima ilikuwa imepotea tangu alfajiri.

Basi sikiliza, wewe uliyeficha zana droo ya chini,
chini ya mifuko na risiti za mwaka juzi:
chuma hakikosi nguvu. Kinakosa makali.
Nilichukua kipande cha dirisha lililovunjwa na mpira,
nikalaza msasa juu ya kioo, nikamwagia maji,
nikausugua ulimi, mgongo kwanza, kisha mteremko wake,
mbele, nyuma, mbele, nyuma,
hadi jicho langu likanitazama kutoka kwenye chuma.
Saa mbili na nusu. Sikudanganyi.
Nikaujaribu kwenye nywele za mkono.
Zilianguka bila kuuliza.

Safari hii randa ilinong'ona,
na ukanda wa mbao ukatoka umejikunja,
mwembamba hadi nikaona mwanga ndani yake,
ukaniangukia kwenye kandambili.
Bandu bandu huisha gogo, walisema;
hawakusema kwamba ikija bandu moja nzuri
hutaki gogo liishe.

Mengine nilijifunza kwa kuumia.
Skurubu ikigoma, isugue kwenye sabuni ya mche.
Tundu likilegea, lishindilie njiti za kiberiti na gundi,
bawaba itashika kama haijawahi kuachwa.
Msumeno usiukabe koo, ushike kama yai la kuazima,
uache meno yafanye kazi yaliyozaliwa nayo.
Na nyundo, ishike mwisho wa mpini.
Pale karibu na kichwa
umeshika woga wako tu.

Jumapili jioni mlango ulifunga kwa kidole kimoja.
Cha mwisho, kile kidogo.
Nikaufunga mara kumi na moja.
Ombuna akaja, akaujaribu, akasema "Aa,"
kisha akauliza kama ile randa inaazimwa.

Usiku ule sikumsikia Musembi.
Nilikaa macho hadi saa kumi na mbili,
nimetega sikio kwa yowe niliyoiua kwa mikono yangu.
Kumbe alikuwa nyuma ya pazia, amelala kitambo,
viatu vimeshakauka.

Julai ikaja na baridi yake. Mbao zikanywea.
Ombuna alikuwa na nusu ya ukweli:
chini ya mlango pana mwanya wa unene wa kidole
na upepo haupigi hodi.
Nimekata ukanda kwenye kandambili kuukuu,
kisu nilikinoa kwanza,
umekaa sawasawa. Misumari minne midogo iko kando yake.

Sijaugongomea.
Saa kumi alfajiri taa ya korido hupenya kwa ule mwanya,
mstari mmoja sakafuni,
umenyooka kuliko wowote niliowahi kupima,
kisha vivuli viwili vya viatu vinasimama juu yake,
nami nageukia ukutani, nalala.