Dirisha Nambari Mbili

Wete, ofisi ya maji, dirisha nambari mbili:
hapo ndipo ninapotukaniwa mama yangu
tangu saa moja u nusu mpaka saa tisa u nusu,
kwa bomba nisilolikata,
kwa bili nisiyoiandika,
kwa pampu iliyoungua usiku nami nimelala.
Mzee mmoja aliinyanyua ndoo akanimwagia.
Tupu.
Ndiyo yaliyokuwa malalamiko yake.

Mwezi wa Shaabani tuliletewa mkufunzi kutoka Unguja,
kijana mpole, kalamu za rangi, karatasi kubwa kama shuka.
Akaandika juu: USTAHIMILIVU.
Akatufunza kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne,
kuizuia kwa nne, kuitoa kwa nne.
Sikumcheka. Inafaa, wallahi.
Choo cha ofisi mlango hauna komeo;
niliushikilia kwa mguu, nikahesabu,
nikarudi dirishani na uso wangu mwenyewe.

Ila siku ya Mwanakombo Shaame.
Yeye hakutukana.
Alimlaza mtoto juu ya kaunta, kitovu hakijaanguka,
akauliza kama mtu aulizaye bei ya muhogo:
"Huyu nimuoshe kwa nini?"
Nikavuta nne.
Nikazuia nne.
Haikutoka.

Jumamosi nikashuka pwani kumsaidia mama kufukua makumbi.
Maji yamekupwa, tope magotini,
harufu ya yai viza imetupanda mpaka kwenye mtandio.
Miezi sita yamelala humo baina ya mikoko,
yamekandamizwa mawe,
bamvua linakuja juu yake, bamvua linaondoka.
Tukayatoa, tukayapiga kwa mchi,
kilichooza kikaruka, usumba ukabaki,
mwekundu kidogo, mbichi, kama nywele za mtu aliyetoka kuoga.

Nami, kwa kuwa nimehudhuria semina, nikapata hekima:
"Mama, mtu naye ndivyo. Huzikwa, hupigwa, mwisho akawa kamba."
Mchi ukasimama hewani.
"Nani kakwambia?"
"Nimefikiri tu."
"Basi usifikiri na njaa.
Kumbi halina mwana. Kumbi haliulizwi umeamkaje.
Wewe ukifukiwa miezi sita
sisi huku tushakusomea hitima, tushakula na pilau."

Akapiga mara tatu, nne.
"Si husema mvumilivu hula mbivu?" nikamchokoza.
"Zamani. Siku hizi mbivu hula popo."

Hapo ndipo ikatoka, ile pumzi ya Mwanakombo,
ikatoka na kicheko, ikatoka na makamasi,
nikalia nimesimama topeni na kumbi mkononi
kama mtoto aliyenyang'anywa andazi.
Mama hakunifuta. Mikono yake ilikuwa na tope.
Alingoja, kisha akauliza:
"Na yule mtoto, kaoshwa?"

Sikujua.
Siku tano nimembeba kifuani wala sikujua.

Jioni tukachota madumu mawili kisimani kwetu,
tukayasukuma kwa baiskeli mpaka Limbani.
Tulimkuta keshaoshwa, kapakwa mafuta, kalala fofofo;
jirani kawatangulia wote, sisi na serikali.
Madumu yakapokewa hivyo hivyo.
Tukapewa chai ya mchaichai na mkate wa kumimina,
na Mwanakombo akaniambia, bila kuniangalia,
"Siku ile ulikuwa mweupe. Nilidhani utaanguka wewe."

Usiku ule nililala kama gogo.

Jumatatu pampu bado mbovu.
Mtu wa kwanza alianza na bibi yangu kabla hajafika kwa mama.
Nikaandika jina lake, mtaa wake, siku ngapi hana maji.
Nikamuuliza ndani kuna mgonjwa, kuna mtoto.
Akasita. Akasema yupo.

Mkobani nina kipande cha kamba, urefu wa dhiraa,
mama kakisokota juu ya paja lake huku akizungumza mengine.
Si hirizi.
Naifungia mlango wa choo.