Si Kosa Lako

Nilikuwa nimesimama. Hilo liandikwe kwanza.
Taa nyekundu, mguu kwenye breki, mteremko wa Mtaa wa Balfour,
Launceston, asubuhi ya ukungu uliogoma kupanda,
ndoo sita za rangi nyuma, ngazi imefungwa juu,
redio ikitaja bei ya sufu.
Mgongo wangu ulisikia kabla ya masikio.

Kijana alishuka analia. Brodie Vickers, miaka kumi na tisa,
leseni ikimtetemeka mkononi.
"Niliangalia simu," alisema, "mara moja tu."
Rangi ikatiririka barabarani hadi mtaroni,
nyeupe, nzito,
utadhani gari langu la miaka kumi na saba lilikuwa linanyonyesha.

Jioni simu ikalia. Sauti laini, jina lake Janelle.
"Bwana Tolley, si kosa lako,
kwa hiyo hutalipa hata senti."
Alilisema mara nne, si kosa lako,
kama fundi anayepaka mkono wa pili
juu ya ukuta ambao haujakauka.
Nikatia sahihi kwa kidole kwenye kioo cha simu;
ikatoka kama mjusi aliyekanyagwa.

Wakaniletea gari jeupe.
Mimi ninayejua weupe wa aina arobaini kwa majina,
huu sikuwahi kukutana nao. Ulinukia limau na plastiki.
Likalia: funga mkanda. Likalia: mlango.
Likalia: umetoka mstarini.
Langu lilikuwa bubu, tukaelewana.
Nikatandika mashuka ya kazi juu ya viti vyote,
nikavua viatu, nikaendesha
kama mgeni aliyelazwa kwenye chumba cha maharusi.
Nguo ya kuazima haisitiri matako,
na mimi nilihisi upepo.

Siku ya tisa ikaja nakala ya hati.
Kodi ya kutwa: dola mia moja arobaini na tano.
Kulileta, kulifuata, kuliosha, ada ya kuhesabu ada.
Mdaiwa: Vickers, B. J.
Bima: hakuna.
Chini kabisa, herufi ndogo kama mayai ya chawa:
asipolipa yeye, atalipa mteja.
Mteja ni mimi. Lakini si hilo lililoninyima usingizi.

Nilipiga hesabu nyuma ya kadi ya rangi.
Kwenda kununua maziwa na mkate: mia moja arobaini na tano.
Jumapili, gari limelala uani, halijaenda popote:
mia moja arobaini na tano.
Cha bure kina mwenyewe, na mwenyewe huyu
anapanga matofaa kwenye masanduku huko bondeni;
aliniambia siku ile, akifuta pua kwa mkono wa sweta.

"Una haki nalo hadi lako litengenezwe," akasema Janelle.
"Haki ninayo. Pa kufunga ngazi ndipo sina."
"Bwana Tolley, si kosa lako."
"Siku tisa hizi, sawa. Ya kumi itakuwa kosa la nani?"
Akanyamaza. Nikasikia vidole vyake vikichapa,
kisha muziki wa kungojea.

Msinione mwema. Hiyo ya kumi niliitumia yote.
Niliendesha hadi George Town, kilomita hamsini,
kwenda kutazama maji tu, kiti kikiwashwa joto,
na mgongo wangu, mungu anisamehe, ulifurahi.
Nikala chipsi humo ndani. Nikafuta usukani kwa kofia.

Kesho yake wakalichukua.

Sasa nasukuma ndoo mbili kwenye toroli la bustani la dada yangu Noreen,
brashi mfukoni, ngazi naazima huko huko niendako.
Balfour ina mlima ambao gari lilikuwa likinificha.
Doa la rangi bado lipo karibu na taa,
magari yamelikanyaga likawa kijivu, weupe wa arobaini na moja.
Taa ikiwaka nyekundu ninasimama,
ingawa toroli halina sheria,
na ninageuka kutazama nyuma.