Kipimo cha Kola

Nimewashonea sare miaka tisa, enyi wa Harakati,
hapa Konde, chini ya bati, kwa cherehani ya mama.
Nawajua kwa futikamba: bega la kila mmoja,
na kola ya Katibu, inchi kumi na sita na nusu.

Alikuja kupimwa usiku, umeme umekatika.
Sitasema yote. Nasema mlango aliufunga yeye,
na ufunguo akautia mfukoni,
mfuko niliomshonea mimi.

Asubuhi sheha akaniambia: stahamili, binti Shaame,
uchaguzi uko mlangoni, usitupake tope.
Shangazi akaniletea sukari kilo mbili, ya nani sikuuliza.
Nikaipokea. Na hilo nalisema.

Leo nimesimama katikati ya maskani yenu,
bao limesita, kete zimo mkononi mwa mtu.
Nimelitaja jina lake, la babaake na la babuye.
Mmoja akanong'ona: huyu katumwa.
Nimetumwa, ndiyo. Na mwili wangu huu.

Sare zenu arobaini zimo kapuni, hazina vifungo.
Vifungo ninavyo mimi.
Njooni mchana. Mlango u wazi,
na majirani nimeshawaambia.