Nondo Wote Wapo

Waliniajiri kulinda nondo.
Mia mbili na kumi, za milimita kumi na sita,
zimelazwa ukingoni mwa korongo, mbele ya Sikonge,
zinasubiri kuwa daraja
juu ya mto ambao tangu Juni haujapita.

Usiku wa kwanza nilihesabu kwa tochi.
Kutu ikabaki viganjani.
Usiku wa pili nikaazima karabai kwa Mama Nshoma,
nikaitundika kwenye mti wa jukwaa,
nikaanza kwa sauti: nondo moja, nondo mbili,
na giza likaitika.

Wakaja.
Wa rangi ya gome la mninga,
wa majivu, wa chai iliyomwagika,
mmoja mweupe, mdogo kuliko ukucha wa kitoto.
Na yule mnene mwenye fuvu mgongoni,
mwizi wa mizinga, ananuka asali.
Nilipomfumbata akalia.
Ndiyo, akalia: chii! kama kinda la panya.
Nikamwachia. Kiangazi hiki nani hajadokoa?

Mjusi kafiri naye akapata kibarua,
akapanga foleni yake peke yake kwenye mfuko wa saruji.
Nge akapita, mkia juu, kama mwenye kiwanja.
Kamendegere akaruka hadi ukingo wa mwanga,
akatutazama, akaghairi.
Na chini, pale maji yalipokuwa yakigeuka,
vishimo vya mchanga, mviringo, laini,
kila kimoja na mdudu wake kitakoni
anangoja sisimizi ateleze.
Chura wamelala chini zaidi. Sijawaona.
Nawajua tu, kama unavyojua chumba cha pili kina mtu.

Saa tisa niliokota maiti kumi na nne chini ya kioo.
Mabawa yameungua pembeni, kama barua.
Nikaitoa karabai pumzi.
Mwizi wa chuma akija, na aje gizani,
tutapapasana.

Asubuhi Kalunde akaja na pikipiki na daftari.
"Nondo zote zipo?"
"Wote wapo."
"Zote zipo," akanisahihisha, kalamu haikusimama.
Sikubisha. Yeye ndiye aliyesoma.

Akawasha pikipiki akaondoka,
na begani, kwenye mshono wa koti,
mmoja wa rangi ya majivu, mabawa yamefungwa, usingizini.

Leo nimepungukiwa na mmoja.
Hakuna aliyeuliza.